Mashine Ilikuwa Nzima

Jumatatu asubuhi watu walikuwa wamekwisha kujipanga mbele ya kibanda cha Kalisti kabla hajafika na funguo. Kakola nzima ilikuwa na habari kwamba mkandarasi mmoja wa mgodini anatafuta madereva, wapishi na walinzi, na kila mwombaji alitakiwa awe na barua na wasifu uliochapwa. Kalisti aliwasalimia, akafungua kufuli, akawaomba wavute subira kidogo. Akabonyeza kitufe cha kompyuta. Taa ya kijani ikawaka, feni ikavuma kama siku zote, lakini kioo kikabaki cheusi.

Baada ya kitambo kikatokea kijisanduku chenye maneno ya Kiingereza ya kusema hakuna mawasiliano, kikaelea katikati ya ule weusi, kikatoweka. Kalisti akazima, akasubiri, akawasha tena. Hali ikawa ile ile. Akagusa nyaya zote kwa nyuma, akazisukuma ndani kwa kidole gumba. Akaazima waya wa umeme kwa jirani akajaribu nao. Mwishowe akakibeba kioo mpaka kwenye kibanda cha kurekodi nyimbo ng'ambo ya barabara, wakakiunga kwenye kompyuta yao, kikaonyesha picha safi kabisa. Kwa hiyo kioo hakikuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye lile sanduku lenyewe, sipiyu, lililokuwa likivuma mbele ya wateja kana kwamba halina habari.

Wateja wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Hawakuondoka kwa ubaya. Waliaga, wakamwombea heri, wakaenda kutafuta pengine. Mmoja aliyekuwa amelipia tangu Ijumaa alibaki amesimama mlangoni, kisha akasema atarudi, na namna alivyolisema neno hilo ikamfanya Kalisti ajione kama tapeli.

Bujiku, muuza vipuri vya pikipiki wa kibanda cha pili, alikuja na kikombe chake cha chai, akainama akaitazama ile mashine. Akauliza nani aliyeifungua mara ya mwisho. Kalisti akasema ni shemeji yake, Adam, Jumamosi mchana, alikuwa akiisafisha vumbi. Bujiku akanywa chai kidogo.

"Ndani ya hizi kuna vitu vidogo vinachomoka," akasema. "Vidogo kama kete. Vinaingia mfukoni."

Hakusema zaidi ya hapo, akarudi kwenye vipuri vyake. Kalisti akabaki ameshika kiti. Hakujihesabu yeye mwenyewe, ingawa Jumamosi hiyo hiyo jioni, mvua ilipopiga na bati likavuja juu ya meza, ndiye aliyechomoa nyaya zote, akaihamisha mashine upande wa pili, akazichomeka upya huku umeme umekatika. Kwa hesabu yake, mtu akihamisha kitu chake mwenyewe hajakigusa.

*

Adam alikuwa mdogo wake Paskalina, mke wa Kalisti, wa tumbo moja. Alikuwa ametoka kwao Songwa kutafuta kazi, na tangu amefika alikuwa akilala sebuleni kwao. Hakuwa mzigo. Alichota maji, alimsindikiza Noela, binti yao, shuleni, na siku kibarua kilipokosekana alikaa kibandani akisaidia kutoa nakala. Ni yeye aliyesema kwamba mashine inapata joto kwa sababu ya vumbi, na Kalisti mwenyewe ndiye aliyempa bisibisi.

Mchana ule Kalisti alimkuta uani akifua shati. Akamweleza kilichotokea, akamwuliza alifanya nini ndani ya mashine. Adam akajibu kwa utulivu kwamba alifuta vumbi kwa brashi, akafunika, akafunga skrubu zote. Hakuiwasha kujaribu kwa sababu umeme ulikuwa umeshakatika.

"Twende tuifungue tena, shemeji, sote wawili," akasema. "Utaona kila kitu kipo."

"Umeshaifungua mara moja. Inatosha."

Laiti angekubali wakaenda, Adam akazunguka nyuma ya ile mashine na tochi yake, jambo lote lingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini Kalisti alikuwa amekwisha kuliona jibu, na sasa alikuwa akitafuta njia ya kulifikia. Akamwuliza Jumapili alishinda wapi. Adam akasema Kahama. Kufanya nini? Adam akalikamua shati, akalikung'uta, akasema ana jambo lake ambalo angependa kuwaambia jioni, dada akiwapo, wakiwa wametulia.

Kalisti alimfuata mkewe jikoni. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtu hawezi kwenda Kahama kimya kimya siku moja baada ya kufungua mashine ya watu. Kahama ndiko vinakouzwa. Akamwomba aangalie ndani ya begi la Adam.

Paskalina alikataa. Akasema huyo ni mtoto wa mama yake, hajawahi kuchukua hata sindano ya mtu.

"Ndiyo maana nakuomba wewe," Kalisti akasema. "Mimi siwezi kumpekua shemeji yangu, itakuwa aibu. Wewe ni dada yake. Usipokuta kitu, mimi nanyamaza, yanaisha."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomtoa jikoni. Paskalina alikuwa amesikia mara nyingi ndugu za mumewe wakisema nyumba hii imejaa watu wa Songwa. Akaona kwamba akilipekua begi na asikute kitu, atakuwa amemkinga mdogo wake na maneno ya watu wote. Aliamini hivyo kwa dhati alipopiga magoti sebuleni na kuivuta zipu.

Alitoa mashati mawili, suruali, shuka, mswaki. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Akalifungua. Mlikuwa na soksi ndogo mno, kofia ya sufu, kigauni cheupe na kanga moja mpya. Alikuwa ameishika ile kofia mkononi, akijaribu kuelewa, kivuli kilipoingia mlangoni.

Adam alisimama pale na shati lililolowa begani, maji ya sabuni bado yakichuruzika mikononi. Nyuma yake alikuwa Kalisti, na nyuma ya Kalisti jirani aliyekuja kuazima kinu, ambaye hakujua aondoke au abaki.

"Ni vya mwanangu," Adam akasema. "Amezaliwa Alhamisi, Kahama. Ndilo jambo nililotaka kuwaambia. Nilitaka dada avipeleke."

Akafuta mikono kwenye suruali, akachuchumaa mbele ya dada yake, akaichukua ile kofia mkononi mwake. Akakusanya na vile vingine, akavikunja kimoja kimoja, akafunga fundo lile lile. Paskalina akalitaja jina lake. Adam akaliweka shati lenye maji juu ya yale makavu, akafunga zipu, akasema, "Baki salama, dada," akapita katikati ya shemeji yake na yule jirani.

Kalisti angeweza kunyamaza, kama alivyoahidi. Lakini jioni ile, kwenye kilinge cha kahawa karibu na stendi, walipomwuliza mashine imefikia wapi, alisema shemeji yake alikuwa na mtoto wa siri huko Kahama. Akawaachia wenyewe wamalizie. Begi lilikuwa limemtoa Adam hatiani, na papo hapo likampa Kalisti kile alichokuwa amekikosa tangu asubuhi, yaani sababu ya kuiba.

*

Siku zilizofuata alihangaika na mashine peke yake. Aliifungua, akatazama ndani asijue anatafuta nini. Rafiki yake wa Geita alimwelekeza kwa simu aichomoe kadi ya kumbukumbu na kuisugua meno yake kwa ufutio, kwani wakati mwingine kutu kidogo tu huzuia picha. Akachukua ufutio wa Noela, akasugua, akarudisha. Akachomoa na ile betri ndogo ya mviringo, akangoja, akairudisha. Feni ikavuma. Kioo cheusi. Kadi ya kumbukumbu aliiona kwa macho yake kuwa ipo, lakini hilo halikumtuliza. Ndani ya mashine kulikuwa na vitu vingi asivyovijua majina, na kimojawapo bila shaka kilikuwa kimekosekana.

Paskalina alimpigia Adam, simu ikaita bila kupokelewa. Baadaye ikawa haipatikani. Nyumbani waliongea yale ya lazima tu: chumvi imekwisha, Noela anatakiwa kuvaa sare ya michezo kesho.

Ijumaa Kalisti alilifunga lile sanduku ndani ya shuka, akapanda gari la Kahama akiwa amelipakata. Kioo alikiacha, kwa kuwa kilikuwa kizima. Alielekezwa kwa fundi aitwaye Akida, mtu mpole mwenye miwani, aliyekuwa akizungumza kwa simu na mteja mwingine. Akida akamwashiria aweke mzigo mezani. Huku simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, akachomeka waya wa umeme, akachomeka waya wa kioo chake, akabonyeza kitufe, akaendelea na mazungumzo.

Kioo kikawaka. Kwanza maandishi meupe, kisha rangi, kisha picha ya Noela akiwa na gauni la komunio ya kwanza, anacheka na pengo.

Akida alimaliza simu, akatazama kioo, akamtazama mteja wake. Akauliza mashine imeletwa kwa tatizo gani.

"Haionyeshi picha," Kalisti akasema, na papo hapo akasikia jinsi maneno yake yalivyo.

Akida hakucheka. Akauchomoa waya wa kioo, akampa, akamwomba auchomeke vile anavyouchomeka kwake. Kalisti akazunguka nyuma. Mkono wake ukaenda moja kwa moja juu, kwenye tundu la buluu lililokaa pamoja na yale ya kipanya na kibodi. Wakawasha upya. Feni ikavuma, kioo kikawa cheusi, na kile kijisanduku alichokichukia kikaelea mbele yake.

Akida akaushusha waya kwenye tundu lingine la buluu, chini kidogo, lililolala upande. Noela akarudi. Akaeleza, bila haraka, kwamba tundu la juu ni lile mashine ililotoka nalo kiwandani. La chini ni la kadi ya picha iliyoongezwa baadaye, na kadi ikishawekwa lile la juu hulala, halitoi kitu. Ndiyo maana aliyeiweka kadi huliziba la juu kwa kifuniko cha plastiki, mtu asikosee.

Kalisti akakikumbuka kile kifuniko. Jumamosi ile gizani, maji yakidondoka, alipapasa akakuta kidude cha plastiki kimeziba tundu, akakibandua kwa kucha, akakitupa.

Akamwomba Akida afungue ndani aangalie kama kuna kilichopungua. Alikuwa bado na tumaini la ajabu, na baadaye hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote, kwamba alisimama pale akiomba kiwe kimepungua kitu. Akida akafungua, akamulika, akasema kila kitu kipo.

"Tena kuna mtu ameisafisha vizuri," akasema. "Za Kakola huwa zinanifikia zimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye feni."

Hakumtoza kitu. Alisema hakuna alichofanya.

*

Simu ya Paskalina ilimkuta stendi ya Kahama, sanduku likiwa magotini. Akauliza imeonekana ni nini. Kalisti akatazama watu waliokuwa wakipakia magunia, akasema kulikuwa na kitu kimekosekana, fundi amekiweka, sasa inafanya kazi. Paskalina akasema, "Haya," simu ikakatika.

Alipofika Kakola aliufungua mzigo, akauchomeka waya kwenye tundu la chini, picha ikaja. Majirani wakampongeza. Bujiku akasimama mlangoni, akasema kwa wema kabisa kwamba yeye alishaona tangu siku ile. Kalisti akaitikia kwa kichwa. Mwombaji mmoja wa kazi akaingia na barua yake, akaichapa, akaja mwingine. Kazi ilikwenda vizuri mpaka jua likapungua, na kila aliyeingia alisema heri shemeji ameondoka kabla hajabeba na printa.

Paskalina alikuja jioni na chakula chake. Akamsubiri mteja wa mwisho atoke, akakaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, akatoa simu. Akasema anampigia mama yake Songwa. Amefikiri siku nzima, na ameona ni bora mama asikie kwake kuliko kwa wapita njia: kwamba Adam ameiba, na asimtume tena mtu nyumbani kwao.

"Mwadila, mayu," akaanza kumsalimia kwa Kisukuma. Sauti ya bibi kizee ikaitikia kwa furaha, ikauliza habari za Noela, habari za mkwe.

Kalisti akamtazama mkewe usoni. Alimwona akimeza mate kabla ya neno lililokuwa likifuata. Akajua kwamba neno hilo likishatoka halitarudi, kwamba litafika Songwa na kukaa huko miaka yote, na kwamba yeye atakaa kimya kila sikukuu watakayokwenda kumsalimia yule mama. Akanyoosha mkono, akaifunika simu.

"Usimwambie," akasema. "Hakuna kilichoibiwa."

Paskalina akamwambia mama yake angoje kidogo, atampigia. Akaiweka simu mezani kifudifudi. Kalisti akaeleza yote, akianza na kifuniko cha plastiki na kumalizia na stendi. Hakumtazama alipokuwa akieleza. Alipomaliza, Paskalina hakupaza sauti. Akamwambia amwonyeshe hayo matundu.

Kalisti akayaonyesha kwa kidole, naye Paskalina akaenda nyuma ya meza, akainama. Akauchomoa waya wa chini akauchomeka juu, akawasha. Weusi. Akaurudisha chini, akawasha. Mtoto wao akacheka kwenye kioo. Akarudia tena. Kalisti alimwambia kwamba kuzimazima namna hiyo kunaiharibu mashine, kisha akanyamaza mwenyewe. Paskalina akarudia mpaka alipotosheka.

"Wewe ulikosea waya," akasema mwishowe, akiwa bado ameinama. "Begi nililipekua mimi."

Kisha akampigia mama yake. Hakuzunguka. Akasema walimwita Adam mwizi, na Adam hakuiba. Mama yake akasikiliza mpaka mwisho, akasema alikuwa amekwisha kusikia, alikuwa akingoja tu bintiye apige. Adam yuko Kahama. Anabeba magunia kwenye kinu cha mpunga na analala huko huko kinuni. Binti aliyezaa naye anaitwa Samia, wa kwa Bi Mwanaima, mtaa wa Nyihogo. Walikuwa wamemkubali, wakapanga siku ya kupokea posa. Lakini dereva mmoja wa Kakola alifika na habari za wizi, na Bi Mwanaima akamwambia kijana asikanyage ndani mpaka watu wake waje waseme yeye ni nani.

"Mimi miguu hii hainifikishi Kahama," mama akasema. "Na watu wake wengine ni ninyi."

*

Asubuhi Kalisti alipitia kilingeni kabla ya kwenda stendi. Paskalina hakumwambia afanye hivyo, alisimama tu barabarani akingoja. Wanaume wakamkaribisha kahawa. Akasema hataki kukaa. Akawaambia kwamba mashine ilikuwa nzima, hakuna kilichochukuliwa, waya aliuchomeka yeye pasipo pake.

Mmoja akajaribu utani, haukwenda mbali. Bujiku akageuza kikombe mkononi.

"Lakini mimi sikusema ameiba," akasema. "Nilisema tu vitu vinachomoka."

"Ni kweli," Kalisti akasema. "Mengine niliyamalizia mwenyewe."

Kwa Bi Mwanaima walipiga hodi, wakakaribishwa kwa heshima zote. Wakamwamkia shikamoo, wakatandikiwa mkeka barazani, wakaletewa maji ya kunywa. Walipojitambulisha, yule mama hakubadilika uso, ila aliita mtoto wa jirani akamtuma kwa kaka yake, Abdulwahab, mwenye duka la misumari na mabati, na mwingine akamtuma kinuni. Ndani, nyuma ya pazia, kichanga kililia kidogo kikanyamazishwa. Paskalina aliisikia sauti ile mwili mzima, lakini hakuna aliyemkaribisha ndani, naye hakuomba.

Adam alikuja na pumba zimemganda kwenye nyusi. Alimwamkia Abdulwahab, akamwamkia Bi Mwanaima, akawasalimia dada yake na shemeji yake kwa neno moja, akabaki amesimama chini ya baraza.

Kalisti akakohoa, akaanza. Akasema amekuja kwa sababu kulitokea kutoelewana kidogo nyumbani kwake.

"Samahani, bwana," Abdulwahab akamkatiza taratibu. "Sisi tuliambiwa wizi. Kutoelewana hatukuambiwa."

Kalisti akatazama mikono yake. Alikuwa amekuja na maneno ya kumfunika, na sasa yote yalikuwa yameondolewa. "Nilisema ameiba," akasema. "Hakuiba. Niliharibu mwenyewe kwa kutojua, nikamtwika yeye, tena mbele za watu. Na nilipojua ukweli, nilimdanganya mke wangu siku nzima. Huyu ni mtu safi. Amekaa kwangu, na sijawahi kukosa kitu."

Abdulwahab alimwomba ayarudie yale ya katikati, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa na wazee wengine wa ukoo. Kalisti akayarudia. Mara ya pili yalikuwa mazito zaidi kuliko ya kwanza. Abdulwahab akashusha pumzi, akasema amesikia, na upande wake jambo hilo limekwisha. Bi Mwanaima akamgeukia Adam akamwambia aingie akamwone mtoto.

Adam hakwenda mara moja. Alikuwa akimtazama dada yake.

"Shemeji simlaumu sana," akasema. "Mashine ni yake, alikuwa na haki ya kuniuliza. Wewe ulikuwa unanijua."

Njia nzima kutoka Kakola Paskalina alikuwa akipanga maneno. Angemweleza kwamba alilifungua lile begi ili kumkinga, na ilikuwa kweli. Lakini sasa, akimtazama na zile pumba kwenye nyusi, aliona kwamba maneno hayo yangemsaidia yeye msemaji tu.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nakujua."

Adam akangoja kuona kama kuna zaidi. Akavua viatu, akaingia ndani, akakaa kitambo kifupi, akatoka akasema lori linapakiwa, akarudi kinuni bila kumuaga mtu.

Paskalina akamwuliza Bi Mwanaima nani anamwogesha na kumkanda mzazi. Bi Mwanaima akasema ni yeye mwenyewe, ingawa mgongo unamsumbua na maji ni mazito kuinua. Paskalina akasema kama hatakataliwa angependa kubaki afanye kazi hiyo, kwa kuwa Samia ni wifi yake na kwao haikuwa desturi wifi azae akose mtu. Bi Mwanaima alimpima kwa macho. Kisha akaondoa mguu wake mlangoni akamwambia apite.

Kalisti alirudi Kakola peke yake. Kwenye kona ya nyumba alitaka kusema kitu, na Paskalina akamtangulia: Noela asiende shule na njaa, na ile sare ya michezo imelowekwa, aisuuze. Kalisti akasema atamsuuzia. Hakumwuliza atarudi lini.

Mchana ule Paskalina alimkanda Samia, msichana mdogo kuliko alivyomdhania, aliyeuma midomo kwa maumivu na kumwita wifi kwa aibu. Hakumnyanyua mtoto mpaka Samia mwenyewe alipompa. Jioni alikuwa uani, akihangaika na chungu cha maji ya kumkanda Samia mara ya pili. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi kuliko moto, na macho yalikuwa yamemvimba.

Adam alirudi akamkuta hapo. Alisimama mlangoni pa ua na begi begani, begi lile lile, maana alikuwa ameruhusiwa kulala ndani. Paskalina hakuinuka. Akaendelea kupuliza.

"Utakaa mpaka lini?" Adam akauliza.

"Mpaka mzazi apate nguvu."

Adam akalitua begi kwenye ngazi, akasogea, akachukua ukuni mmoja akaukunja kwa mikono miwili. Ukapinda, haukuvunjika.

"Hizi hazitawaka," akasema. "Kinuni kuna mabanzi makavu."

Akatoka tena. Paskalina akapangusa macho kwa pindo la kanga, akakifunika kile chungu kisipoteze joto bure, akakaa kando ya moshi akimngoja.